Induksheni na diduksheni katika hisabati: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha hisabati jioni mtaani Kondele, Kisumu, katika chumba kilicho nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Wengi wanaokuja ni wa sekondari. Huja pia mzazi ambaye mtoto wake amemuuliza jambo akakosa jibu, na kuna mwendesha boda boda mmoja ambaye hukaa mlangoni akingoja mteja, na mara nyingi swali lake huwa zuri kuliko la waliolipa. Shuleni somo hili hufundishwa kwa Kiingereza. Huku nyuma ya duka tunabishana kwa Kiswahili, na katika kubishana nimegundua kuwa wengi wanayajua majina ya hoja hizi mbili lakini hawajui zinatengana wapi. Maswali yanayorudi ni haya. Mengine nimeyajibu kwa mstari mmoja kwa kuwa hayahitaji zaidi.

Kwa lugha ya kawaida, induksheni ni nini na diduksheni ni nini?

Uko soko la Kibuye siku ya Jumapili, unanunua kreti ya nyanya. Unainua tano za juu, unazibonyeza, zote ngumu, zote nyekundu. Unalipa ukiamini kreti nzima iko hivyo. Hiyo ni induksheni: umeona baadhi ukazihukumu zote. Aliyewahi kufika nyumbani akakuta za chini zimeshakuwa mchuzi anajua ubaya wake.

Sasa uko steji. Kanuni ni kwamba matatu ya abiria 14 isibebe zaidi ya 14. Umehesabu vichwa, ni 17. Basi matatu hiyo imevunja kanuni. Hapo hujakisia kitu. Ukishaikubali kanuni, na ukishakubali kuwa hesabu ya vichwa ni sahihi, hitimisho limekukamata, upende usipende. Hiyo ni diduksheni.

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Walichagua neno "dalili" kwa makini. Hawakusema kwamba kila wingu lazima limwage.

Vitabu vinasema induksheni hutoka kwa mambo machache hadi kwa yote, na diduksheni hutoka kwa yote hadi kwa machache. Hilo halitoshi?

Litakusaidia mara nyingi, kisha siku moja litakuangusha. Sikiliza hoja hii. Jumanne nina wanafunzi saba. Nimepita meza kwa meza, nimeona kila mmoja ana kikokotoo. Kwa hiyo wanafunzi wangu wote wa Jumanne wana vikokotoo. Nimetoka kwa mmoja mmoja hadi kwa wote, na bado ni diduksheni, kwa sababu sikumruka hata mmoja.

Na hii nyingine: alasiri nyingi za Aprili mjini Kakamega huwa na mvua, kwa hiyo Alhamisi ijayo alasiri Kakamega itanyesha. Hapo nimeanza na jambo la jumla nikashuka hadi siku moja, lakini ni induksheni, maana Alhamisi inaweza kuamka na jua na jua likakaa mpaka magharibi.

Ndiyo maana mimi siulizi hoja inaelekea wapi. Nauliza hivi: je, inawezekana yote niliyopewa yawe kweli, na hitimisho bado liwe uongo? Ikiwa inawezekana, hata kwa nafasi ndogo kama tundu la sindano, aliyetoa hoja ameegemea induksheni. Ikiwa haiwezekani kabisa, ni diduksheni. (Kuna pia hoja mbovu inayojivika mavazi ya diduksheni. Nitaifikia.)

Yule wa boda boda aliposikia haya alisema, "Mwalimu, kumbe moja ni keshi na nyingine ni deni." Nimefundisha miaka mingi na sijapata maelezo mafupi kuliko hayo. Induksheni inakukabidhi hitimisho leo na kukuacha ukidaiwa uthibitisho. Diduksheni imeshalipa.

Nitazitambuaje kwenye swali la mtihani?

Tazama sababu, usitazame jibu. Wanafunzi wawili wameulizwa nambari ya tano katika mfuatano 3, 7, 11, 15. Wa kwanza anasema: naona zinaongezeka kwa 4, kwa hiyo inayofuata ni 19. Wa pili ameelezwa katika swali kwamba nambari ya n ni 4n − 1. Anaweka 5 mahali pa n, anapata 19. Jibu ni moja, hoja ni mbili. Wa kwanza hakuambiwa na yeyote kwamba mwendo ule utaendelea, ameuamini tu kwa kuuona mara tatu. Wa pili hana cha kuamini zaidi ya alichopewa.

Maneno husaidia kiasi. "Kila niliyojaribu", "inaonekana", "inaelekea" ni ya induksheni; "imepewa kwamba", "kwa kuwa" na "lazima" huandamana na diduksheni. Lakini maneno hudanganya pia. Nimesahihisha daftari nyingi ambamo mtu amejaribu 1, 2 na 3, kisha chini yake akaandika kwa wino mzito "kwa hiyo lazima".

Nimejaribu mifano kumi na yote imekubali. Kwa nini unasema haitoshi?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo linaloleta kelele darasani. Huwa sijibu kwa mdomo. Nawaambia wachore duara kwa kufuatisha ukingo wa kikombe.

Weka nukta moja kwenye ukingo wa duara. Hakuna mstari wa kuchora, kwa hiyo duara lina kipande kimoja. Weka nukta mbili, ziunganishe: vipande viwili. Nukta tatu, unganisha kila moja na kila nyingine: vipande vinne. Nukta nne: vinane. Nukta tano: kumi na sita. Hapo kila mtu darasani ameshajua jibu la nukta sita na kalamu ziko chini. Nawaambia wazichukue, wahesabu.

Wa kwanza anapata 30, anaona haya, anafuta. Wa pili anapata 31, naye anafuta. Mmoja huwa anapata 32, na huyo najua hakuhesabu. Jibu ni 31. Aliyepata 30 hajakosea kuhesabu: amezipanga nukta zake kwa usawa mno, mistari mitatu ikakutana katikati mahali pamoja na kipande kimoja kikapotea. Azisogeze kidogo, kitarudi. Lakini 32 haitakuja, hata ukizisogeza mpaka kesho.

Kwa nini 31? Anza na duara tupu, kipande 1. Kila mstari unaouchora unaongeza kipande kimoja, na kila mahali unapokata mstari mwingine unaongeza kimoja tena. Nukta sita zinatoa mistari 15. Kila nukta nne unazochagua hutoa makutano mamoja tu ndani ya duara, na nukta nne kati ya sita zaweza kuchaguliwa kwa njia 15. Basi 1 + 15 + 15 = 31. Kwa nukta saba ni 1 + 21 + 35 = 57. Ona kwamba mara hii hatukuhesabu vipande hata kimoja.

Ukidhani mifano mitano ni michache mno na kumi ingekuokoa, chukua n² + n + 41, ambayo inatoa mfuatano alioutaja mwanahisabati Leonhard Euler mwaka 1772. Weka 0 mahali pa n unapata 41, weka 1 unapata 43, weka 2 unapata 47, weka 3 unapata 53. Zote ni nambari tasa, yaani kila moja hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe tu. Endelea mpaka 39 na utapata 1,601, ambayo pia ni tasa. Mara arobaini mfululizo bila kukosea! Weka 40: unapata 1,681, yaani 41 × 41. Imekufa hapo. Na mtu wa diduksheni angeiona ikija bila kujaribu hata mara moja, kwa sababu ukiweka 41 mahali pa n, kila sehemu ya jumla hiyo ni kigawe cha 41. Itakuwaje tasa?

Mbaya kuliko zote kwa maoni yangu ni kisio (dai lililokisiwa bila kuthibitishwa) cha George Pólya cha mwaka 1919. Alihesabu kila nambari imejengwa kwa nambari tasa ngapi (12 ni 2 × 2 × 3, yaani tatu), akaona kwamba kuanzia 2, popote unaposimama, zenye idadi shufwa (2, 4, 6 na kadhalika) haziwahi kuzizidi zile zenye idadi witiri (1, 3, 5 na kadhalika). Mwaka 1958 C. B. Haselgrove alithibitisha kuwa kisio hicho ni cha uongo. Mahali pa kwanza kinapovunjika palijulikana mwaka 1980: ni 906,150,257. Ungejaribu nambari moja kila sekunde, usiku na mchana, ungefika huko baada ya miaka karibu 29 ukiwa na uhakika kamili wa jambo la uongo.

Haba na haba hujaza kibaba, ni kweli. Lakini kibaba cha nambari hakina kitako.

Kompyuta ikijaribu mabilioni, hiyo si uthibitisho?

Inategemea kama kuna mwisho wa kujaribu. Christian Goldbach alimwandikia Euler barua mwaka 1742, na kutoka kwenye barua hiyo tumepata kisio kwamba kila nambari shufwa iliyo kubwa kuliko 2 ni jumla ya nambari tasa mbili: 10 ni 3 + 7, 28 ni 5 + 23. Kompyuta zimelikagua mpaka 4 yenye sufuri 18 nyuma yake bila kupata hata moja inayokataa. Mpaka leo linaitwa kisio. Zilizobaki hazina hesabu, na deni halijapungua hata senti.

Linganisha na ramani. Mwaka 1976 Kenneth Appel na Wolfgang Haken walithibitisha kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bapa bila nchi mbili zinazopakana kuwa na rangi moja. Nao walitumia kompyuta. Tofauti ni kwamba walianza kwa kuonyesha, kwa hoja, kuwa ramani zote za duniani na zisizokuwapo zinaangukia katika hali zenye idadi maalumu, kisha kompyuta ikakagua kila hali. Walifanya nilichofanya na vikokotoo vya Jumanne, ila wao meza zao zilikuwa zaidi ya elfu moja.

Na mfano mmoja wa kupinga, unatosha kuangusha kisio?

Unatosha. Hauhitaji wa pili.

Basi induksheni ina kazi gani katika hisabati, kama haithibitishi?

Inakuonyesha kitu cha kuthibitisha. Hakuna anayeamka asubuhi akaanza kuthibitisha jambo ambalo hajalishuku. Carl Friedrich Gauss akiwa kijana wa miaka 15 hivi alikodolea macho majedwali ya nambari tasa, akaona zinavyozidi kuwa adimu kadiri nambari zinavyokua, na akaona kuwa uadimu huo una mwendo unaofuata logi (logarithm). Alikisia kwa macho. Uthibitisho ulipatikana mwaka 1896, na ulipatikana mara mbili: Jacques Hadamard kivyake, Charles-Jean de la Vallée Poussin kivyake. Zaidi ya miaka mia moja ilipita katikati, lakini bila yale majedwali pasingekuwa na cha kutafuta.

Darasani naanza na vifuniko vya soda. Weka kimoja. Ongeza vitatu upande wa kulia na juu, umepata mraba wa viwili kwa viwili. Ongeza vitano, mraba wa vitatu kwa vitatu. Ongeza saba. Wanafunzi wenyewe hupiga kelele kwamba ukijumlisha nambari witiri kuanzia 1 unapata mraba kila mara: 1, 4, 9, 16. Hiyo kelele ni induksheni na naipenda sana. Nasikitika nikiona mwalimu anaandika kanuni ubaoni kabla mtoto hajapata nafasi ya kuishuku.

Kazi inayobaki ni kumwuliza anayepiga kelele: na ule wa mia moja?

Kuna "induksheni ya hisabati". Hiyo si ndiyo induksheni yenyewe?

Sivyo, na jina hili limewachanganya watu wengi wasio na hatia. Lilianza kujulikana baada ya Augustus De Morgan kulitumia mwaka 1838. Mbinu yenyewe ni diduksheni kutoka kichwa hadi vidole.

Fikiria mjengo wa ghorofa mjini. Vijana wamepanga mstari, matofali yanapandishwa kwa mikono. Mambo mawili nayajua. La kwanza, kijana wa kwanza amepokea tofali. La pili, yeyote anayepokea tofali humpa anayemfuata. Sihitaji kupanda juu kuangalia. Kila kijana kwenye mstari atalishika tofali lile, awe wa kumi au wa elfu.

Turudi kwenye vifuniko. Tunadai kwamba jumla ya nambari witiri n za kwanza ni n². Kijana wa kwanza: witiri moja ya kwanza ni 1, na 1² ni 1. Amepokea. Sasa kupasiana: chukulia kwamba kwa nambari fulani k jumla ni k². Witiri inayofuata ni 2k + 1. Jumlisha: k² + 2k + 1, ambayo ni (k + 1)². Yaani k akipokea, k + 1 naye amepokea. Kwa hiyo wote wamepokea. Je, inawezekana mambo haya mawili yawe kweli na hitimisho liwe uongo? Haiwezekani, na kwa kipimo chetu hiyo ni diduksheni.

Wengi hudharau hatua ya kwanza kwa kuwa ni rahisi. Jaribu kuthibitisha kwamba kila nambari ni sawa na ile inayoifuata. Chukulia k = k + 1. Ongeza 1 pande zote, unapata k + 1 = k + 2. Kupasiana kumekubali vizuri kabisa! Kilichokosekana ni tofali: 1 si sawa na 2, kijana wa kwanza hakupewa kitu, na mstari mzima umesimama mikono mitupu.

Pembe za pembetatu zinajumlika kuwa digrii 180. Tulikata karatasi shuleni tukaona. Si tulithibitisha?

Mliona, na kuona ni mwanzo mzuri. Mlikata pembe tatu, mkazipanga kwenye rula, zikalala sawa. Lakini zililala sawa kadiri ya macho yenu na mkasi wenu. Waliopima kwa kipimapembe walipata 179, wengine 181, na mwalimu akasema "ni karibu". Kwa vipimo peke yake huwezi kujua kama jumla ni 180 kamili au 180 na nukta kidogo.

Uthibitisho ni wa Wagiriki wa kale, na Euclid aliandika unaofanana nao miaka kama 300 kabla ya Kristo. Kwenye ncha ya juu ya pembetatu chora mstari ulio sambamba na msingi. Pembe ya kushoto ya chini ni sawa na ile iliyo kushoto juu, kwa kuwa ni pembe mbadala kati ya mistari sambamba. Ya kulia vivyo hivyo. Pembe zote tatu sasa ziko juu pamoja, zimejipanga kwenye mstari mmoja ulionyooka, na mstari ulionyooka ni digrii 180. Hakuna karatasi iliyokatwa. Tena hatukutaja pembetatu ina ukubwa gani, kwa hiyo tumezimaliza zote.

Lakini hapa pana jambo ambalo hunifurahisha, na liko kilomita chache tu kutoka kwetu. Ukitoka Kisumu kwa barabara ya Busia utafika Maseno, ambapo kuna alama ya ikweta kando ya barabara. Simama hapo. Tembea moja kwa moja kaskazini mpaka ncha ya dunia (tuseme tu kwamba umeweza). Huko geuka digrii 90 kushoto au kulia, ushuke moja kwa moja mpaka ufikie ikweta tena. Geuka digrii 90 kuifuata ikweta, urudi Maseno. Umechora pembetatu, na kila pembe yake ni digrii 90. Jumla ni 270.

Je, Euclid alikosea? Hapana. Hoja yake iliegemea kanuni kuhusu mistari sambamba, na kanuni hiyo ni ya uso bapa kama meza. Juu ya tufe mistari sambamba ya namna ile haipo. Diduksheni hukuambia: ukinipa haya, nitakupa yale. Haikuahidi kwamba unayoyatoa yanafaa kila mahali.

Kwa hiyo diduksheni nayo inaweza kukosea?

Kuna njia mbili za kuharibu mambo. Ya kwanza ni kuanza na uongo. "Kila nambari tasa ni witiri, 2 ni tasa, kwa hiyo 2 ni witiri." Muundo wa hoja ni safi, hakuna pa kuukamata. Kilichooza ni sentensi ya kwanza.

Ya pili ndiyo ile niliyoahidi: hoja mbovu yenye mavazi ya diduksheni. "Kila mraba ni mstatili, umbo hili ni mstatili, kwa hiyo ni mraba." Mtu amegeuza njia na hakujua. Nikiona hivyo huwa nasema: kila anayeishi Kisumu anaishi Kenya, shangazi yangu anaishi Kenya, kwa hiyo shangazi yangu anaishi Kisumu. Shangazi yuko Nakuru miaka yote hii na hana mpango wa kuhama.

Swali likisema "thibitisha", niandike nini?

Usiweke nambari, weka herufi. Swali linalopendwa ni hili: thibitisha kwamba jumla ya nambari tatu zinazofuatana hugawanyika kwa 3. Mwanafunzi mmoja aliniletea ukurasa mzima: 1 + 2 + 3 = 6, 4 + 5 + 6 = 15, mpaka 97 + 98 + 99 = 294. Hakukuwa na kosa hata moja, na alikuwa amepewa sufuri. Alikuja karibu analia, na namwelewa. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kazi aliyoifanya na kazi aliyoulizwa ni mbili tofauti. Tuliandika n + (n + 1) + (n + 2) = 3n + 3 = 3(n + 1). Mstari mmoja. Aliutazama muda mrefu, kisha akauliza, "Mwalimu, n ni ngapi?" Nikamwambia ni ile yoyote atakayoitaja mtu anayebishana naye.

Mtoto wangu yuko darasa la tano. Nimsaidieje nyumbani, nami hisabati niliiacha zamani?

Mama mmoja aliniuliza hivyo akiwa na mandazi mezani, tukatumia mandazi. Mwambie mtoto ajumlishe nambari witiri mbili mbili: 3 na 5, 7 na 1, 9 na 9. Ataona jibu ni shufwa kila mara. Sasa mwulize kwa nini ni lazima. Akikwama, mpe mandazi saba ayapange mawili mawili. Moja litabaki peke yake. Mpe mengine matano, litabaki moja peke yake. Hayo mawili yaliyobaki yakutanishwe. Mtoto akisema "kila witiri ina mpweke mmoja, na wapweke wawili ni jozi", amethibitisha, na hajaandika herufi hata moja.

Nje ya hisabati, nitumie ipi?

Zote, ila ujue uko juu ya ipi. Kwa muda mrefu mtu angeweza kusema Ziwa Nakuru ni ziwa la heroe, wale tunaowaita flamingo. Mwaka baada ya mwaka ukingo ulikuwa wa waridi. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2010 maji yalipanda, chumvi ikapungua, mwani wanaoula ukapungua, na wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Aliyesema watakuwapo kila mwaka hakuwa mjinga. Alikuwa na deni tu, na ziwa likamdai.

Kwa nini hutumii maneno ya Kiswahili safi badala ya induksheni na diduksheni?

Kila kamusi ina yake na darasani hakuna anayeyajua. Nikitaka kueleweka nasema hoja ya mifano na hoja ya kanuni. Yule wa boda boda bado anasema deni na keshi.

Mtihani wa kazi uliniuliza: 1, 2, 4, 8, 16, inayofuata ni ngapi?

Kama kila nambari ni maradufu ya iliyotangulia, ni 32. Kama ni vipande vya duara, tumeshaona ni 31. Kama kila nambari inapatikana kwa kuongeza tarakimu za iliyotangulia, ni 23: 1 na 1 ni 2, 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, 8 na 8 ni 16, kisha 16 na 1 na 6. Hizo zote tano za kwanza zinakubaliana na kanuni zote tatu, na swali halikusema ni ipi.

Anayetafuta kazi aandike 32. Ubishi auache mpaka alipwe mshahara wa kwanza.